Je, wajua kwa nini mashine ya wati 1500 hulemewa na unga wa mahamri?

Ukiingia maduka ya vyombo vya umeme katikati ya mji wa Mombasa, tuseme Digo Road au Moi Avenue, utakuta mashine za kukandia zimepangwa rafuni, na kwenye maboksi namba za wati zimeandikwa kwa tarakimu kubwa: 1000, 1300, 1500. Pembeni mara nyingi huwapo nyingine, nzito, ya bei kali zaidi, na wati zake ni 300 tu. Mnunuzi huona ajabu: alipe zaidi apate kidogo? Anachukua ile ya 1500. Akifika nyumbani akatia nusu kilo ya unga wa mahamri, mashine inanguruma, inatembea juu ya meza, kisha inatoa harufu ya kuungua. Ile ya wati 300 ingelikanda donge hilo hilo polepole bila kelele.

Sababu ni kwamba wati za kwenye boksi ni umeme unaoingia kwenye mota. Hazisemi lolote kuhusu nguvu inayofika kwenye unga.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha tofauti hiyo. Chukua unga kilo 1 na maji mililita 600. Donge hilo la kilo 1.6 linahitaji kama kilojuli 4.5 ili joto lake lipande nyuzi 1. Wati 1500 ni juli 1500 kila sekunde, kwa hiyo kama zote zingeingia kwenye donge, joto lingepanda nyuzi 1 kila baada ya sekunde 3, sawa na nyuzi 20 kwa dakika. Unga ulioanza na nyuzi 30 ungekuwa unachemka kabla dakika 4 hazijaisha. Hakuna mashine inayofanya hivyo. Kukanda kwa dakika 8 kwa kasi ndogo hupandisha joto la donge kwa nyuzi chache tu, kwa hiyo nguvu inayoingia kweli ndani ya unga haifiki hata wati 100. Namba ya kwenye boksi mara nyingi ni kiwango cha juu kabisa ambacho mota inaweza kuvuta, pengine kwa muda mfupi ikiwa imeelemewa.

Kazi ya kukanda inataka nguvu ya kuzungusha kwa mwendo wa taratibu. Mota nyingi za nyumbani ni za makaa, yaani vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme hadi sehemu inayozunguka, nazo huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, ilhali ndoano ya kukandia inatakiwa kulizunguka bakuli mara 100 hivi kwa dakika. Katikati yake ziko gia, na gia ndizo zinazogeuza kasi kuwa nguvu, kama mwenye bodaboda anayeshuka gia ya kwanza akiwa amepakia gunia na mbele yake kuna mlima. Mashine nzito ina gia za chuma zinazoipunguza kasi mara nyingi, na kidhibiti kinachoongeza umeme pale mzunguko unapopungua. Mashine hafifu hutegemea zaidi kubana umeme ili iende polepole, na donge likikaza mota haina akiba ya kusukuma.

Hapo ndipo harufu inapotokea. Mota ikizuiwa huvuta umeme mwingi zaidi, na nyaya zake za shaba zinapata moto. Feni ya kuipoza imefungwa kwenye ekseli ya mota yenyewe, hivyo mota ikienda polepole feni nayo inapuliza kidogo, wakati ule ule ambao upepo unahitajika zaidi. Na upepo wenyewe, kwa Mombasa ya Februari na Machi, mchana unafika nyuzi 32 au 33. Mashine yetu inaanza kazi ikiwa tayari na joto.

Kwa hiyo unapokwenda dukani, liache boksi uishike mashine. Ibebe. Mashine ya kukandia yenye kilo 10 au zaidi haitatembea mezani, na uzito huo mara nyingi ni wa chuma kilichomo ndani. Ipindue usome kibandiko cha chini: ukiona alama kama "KB 5 min", maana yake ni kwamba haitakiwi kufanya kazi zaidi ya dakika 5 mfululizo kabla ya kupumzishwa, jambo ambalo wauzaji hawalitaji na mwenye kuuza mahamri kila alfajiri anapaswa kulijua kabla ya kutoa pesa. Uliza gia ni za chuma au plastiki. Usishtuke ukiambiwa kwamba ndani ya mashine fulani za chuma kuna gia moja iliyofanywa dhaifu kuliko nyenzake. Imewekwa makusudi ikatike yenyewe mzigo ukizidi ili mota isalimike, na fundi mzuri anaweza kuibadilisha. Angalia pia kama vipuri vinapatikana mjini. Mimi naona hili ni muhimu kuliko rangi na vikorokoro vyote vinavyokuja ndani ya boksi.

Ujazo nao unadanganya. Bakuli la lita 4.8 linapokea kama kilo 1 ya unga wa ngano, lakini hicho ni kipimo cha donge laini. Unga wa mahamri unakaza, kwa hiyo ile pakiti ya kilo 2 igawe mara tatu au nne.

Ukiitazama ikizunguka utaona ndoano inajizungusha upande mmoja huku ikilizunguka bakuli upande wa pili, karibu kama dunia inavyojizungusha huku ikilizunguka jua, ila dunia mizunguko yake yote miwili ni ya upande mmoja. Mtindo huo ulitokana na mashine za kiwanda za Herbert Johnston, mhandisi wa kampuni ya Hobart ya Ohio, Marekani. Inasimuliwa kwamba mwaka 1908 alimwona mwokaji akihangaika kukoroga unga kwa kijiko cha chuma, akaamua kumtafutia njia. Mashine za kwanza zilikuwa kubwa za viwandani, jeshi la majini la Marekani likazitia kwenye manowari zake, na mwaka 1919 ikatoka ya nyumbani kwa jina la KitchenAid. Uingereza ikafuata na Kenwood Chef mwaka 1950.

Wale waliokuwa wakizibuni waliishi kwenye baridi. Sisi tunakanda penye joto, na hili ndilo linaloharibu mahamri mengi ya mashine bila mtu kujua chanzo. Hamira inafanya kazi vizuri donge likiwa na nyuzi 24 hadi 27. Likizidi hapo linaumuka kwa pupa, linanata, na ladha yake inaelekea uchachu. Mama zetu walitumia tui la vuguvugu, na kwa mikono ya kawaida haikuwa na neno. Mashine inaongeza joto la msuguano juu ya lile la hewa.

Waokaji wana hesabu yao ya kale kwa jambo hili. Zidisha mara tatu joto unalolitaka kwenye donge, kisha toa joto la unga, la chumba, na la msuguano, ambalo kwa mashine za nyumbani huhesabiwa kama 12. Ukitaka nyuzi 26, anza na 78. Toa 30 za unga, 31 za jikoni, na 12 za mashine. Zinabaki 5, ndizo joto la tui lako, maana yake litoke kwenye friji. Lakini mafuta ya nazi huanza kuganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo tui hilo litakujia na vibonge. Njia bora ni kuubaridisha unga badala ya tui. Uweke kwenye friji usiku kucha ndani ya chombo kilichofunikwa, utoke na nyuzi 10 hivi, ufanye hesabu upya: 78 toa 10, toa 31, toa 12, zinabaki 25. Tui la joto hilo halijaganda, na donge litaibuka likiwa na nyuzi zile zile 26. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni, kitumbukize ndani ya donge uhakikishe.

Kuna jambo jingine linaloipunguzia mashine mzigo na halitaki pesa. Changanya unga, hamira, tui, sukari na iliki kwa kasi ya 1 mpaka usione unga mkavu, zima, funika, uache dakika 20. Katika muda huo maji yanaingia kwenye protini za ngano nazo zinaanza kushikana zenyewe na kufanya gluteni, ule mvuto unaolifanya hamri livimbe na kubaki tupu ndani. Ukirudi, kanda kwa kasi ya 2 na usiipite. Simama kila baada ya dakika 3 au 4, ushike sehemu ya mashine penye mota. Ikiwa inachoma kiganja, ipe mashine mapumziko. Donge likivutwa likawa kiwambo chembamba kinachopenya mwanga bila kuchanika, limetosha.

Ikiwa huuzi mahamri wala boflo, na unachopika ni keki na mkate wa mayai, huna haja ya mashine ya gia nzito. Mayai yanataka kasi na mchapo wa nyaya nyingi, hayana ubishi wa donge, na hata mashine ndogo ya kushika mkononi inayamaliza. Joto la Mombasa hapa ni rafiki, kwa sababu mayai yasiyo baridi hufura haraka. Siagi ya keki ndiyo itoke kwenye friji na kukaa dakika chache tu, maana mashine itaipasha wakati wa kuisaga na sukari, na ikianza kung'aa mafuta haitashika tena hewa. Mayai ya mkate yapige na sukari mpaka yawe meupe na mazito, ukinyanyua mchapo yaanguke kama utepe unaokaa juu kabla ya kuzama. Unga ukifika, zima mashine kabisa uuchanganye kwa mwiko, ukichota kutoka chini kwenda juu, kwa sababu mchapo utayapasua mapovu yale, na mkate wa mayai wa asili hauna kingine cha kuunyanyua.

Kwa anayeletewa na ndugu: mashine ya Dubai inakubali umeme wetu wa volti 240 na hata plagi yake ya pini tatu bapa ni ile ile. Ya Marekani ni ya volti 120, na ukiichomeka moja kwa moja inaungua. Inahitaji transfoma yenye wati zinazozidi za mashine, na kabla ya kulipia mzigo piga hesabu ya transfoma hiyo pia.