Je, kukesha usiku wa kuamkia mtihani husaidia kukumbuka?

Wengi huamini kwamba ukikesha na daftari, mengi yatabaki kichwani. Asubuhi huonekana hivyo kweli, ndiyo maana imani hii imedumu. Lakini mambo mapya hutegemea kwanza hipokampasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo. Usingizini, hasa ule mzito wa mwanzo wa usiku, ubongo huyapitia upya na kuyaimarisha kwenye gamba lake la nje. Asiyelala huikosa hatua hiyo, na kesho yake hata kupokea mapya humwia vigumu.

Jipime. Kariri maneno 20 ya lugha ngeni jioni, ulale; siku nyingine kariri 20 mengine asubuhi, usilale mchana. Kila mara, zikipita saa 12 tangu ukariri, funika daftari uandike unayokumbuka, kisha linganisha. Rudia mara kadhaa. (Kuyasoma tena tu si kipimo: macho huzoea ukurasa.)