Huria sio bure, jamani

Jana tena nimemsikia jamaa anatafuta "SPSS huria" (SPSS ni programu ya takwimu ya kulipia), mwenzake akampa faili la SPSS iliyovunjwa leseni, wakashukuriana na kila mtu akaenda zake. Sasa hiyo ni ya wizi, na hata ingekuwa ile ya kujaribu kwa siku kadhaa bado isingekuwa huria.

Kwa kifupi, programu huria ni ile unayoruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, kufungua msimbo wake, yaani maagizo iliyoandikwa nayo, uone inavyofanya kazi, kuubadilisha, na kumgawia mwenzio. Basi. Bei haimo humo kabisa, ingawa programu huria za takwimu kama R, PSPP, jamovi na JASP zote hazilipiwi.

Kinachoniudhi ni kwamba sisi ndio tusiotakiwa kuchanganya. Waingereza masikini wana neno moja tu, free, limebeba bei na uhuru kwa pamoja, ndio maana Richard Stallman, aliyetangaza GNU, mradi wa kutengeneza programu huria, mwaka 1983, imembidi aeleze mara ngapi sijui kwamba anamaanisha uhuru kama wa kusema na sio bia ya bwerere. Sisi tuna bure, tuna bwerere, halafu pembeni kabisa tuna huru na huria kutoka Kiarabu, hurr ni mtu asiye mtumwa, hurriya ndio uhuru wenyewe. Mbona hakuna anayesikia "soko huria" akabeba kikapu akachukue nyanya bila kulipa? Tena bure yetu ina mkosi wake, nimehangaika bure maana yake sikupata kitu, na nadhani ndio maana watu wakisikia programu ya bure wanaona ni ya kubahatisha.

Utofauti unauona ukikwama. R ukiifungua tu inakwambia yenyewe kwamba ni huria na haina dhamana yoyote, kwa hiyo wanaokusaidia wengi wanajitolea, usiwafokee kama umewalipa. Ila una kitu ambacho aliyenunua hana. Kuna dada aliniuliza kwa nini sd, ile amri ya R ya kutafuta standadi deviesheni (namba zimetawanyika kiasi gani), inamletea NA, yaani jibu halipo, badala ya namba, nikamwambia andika sd peke yake bila mabano halafu bonyeza enta. Msimbo wote ukamwagika pale, mistari michache tu, kumbe ni kipeuo cha pili cha variansi, na mstari wa kwanza umeandikwa na.rm = FALSE, yaani yasiyojazwa usiyaondoe. Safu yake ilikuwa na mapengo mawili. Akaweka TRUE, namba ikatoka.

Kwa hiyo ukitaka isiyolipiwa sema tu ya bure, hakuna atakayekucheka, huria tuiachie ile unayoweza kuichungulia ndani hivyo. Na yule jamaa wa jana, PSPP ipo, mafaili yake ya data ya SPSS, yale ya .sav, inayafungua na leseni haina tarehe ya kuisha.