Rosa Mistika si kitabu cha uhuni

Wapo wanaosema Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, inafundisha wasichana umalaya. Hata shuleni iliwahi kupigwa marufuku. Shutuma hiyo haiitendei haki.

Msome Zakaria, baba yake Rosa, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu: mlevi anayemcharaza bintiye kwa sababu ya barua tu aliyoandikiwa na kijana Charles. Rosa analelewa kwa kuwaogopa wanaume, bila kuambiwa lolote kuwahusu. Akifika shule ya bweni, mbali na kiboko cha baba, hana pa kushika. Mimba, kuitoa, hatimaye kujiua: yote yanafuata hapo. Mwandishi hamsifii Rosa hata kidogo. Anamuuliza mzazi alikuwa wapi, tena kwa ukali.