Michongo ya Faida: Udongo Ulikuwa Mlinzi Bora

Wasomaji wa Biblia wanawajua Sargoni na Senakeribu kama wafalme wa Ashuru waliovamia nchi za watu. Kaskazini mwa Iraq waliacha kumbukumbu nyingine: mifereji ya maji, na kandokando yake picha zilizochongwa mwambani.

Mfereji wa Faida (hilo ni jina la mahali), karibu na mji wa Duhok, unadhaniwa kuwa wa Sargoni wa Pili, aliyetawala kuanzia 722 hadi 705 KK. Mwaka 1973 Mwingereza Julian Reade aliona sehemu za juu tu za michongo mitatu. Kwingine kote kulifunikwa na udongo ulioporomoshwa na mvua kutoka mlimani. Ndipo 2019 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Udine, Italia, na wenzao wa Duhok wakafukua michongo 10, kila mmoja wenye upana wa mita 5 hivi. Katika kila mchongo mfalme anaonekana mara mbili, huku na huku, na katikati yake kuna miungu saba iliyopandishwa juu ya wanyama: Ishtar juu ya simba, Shamash juu ya farasi. Miungu hiyo inatazama kule maji yalikokuwa yakielekea.

Sasa linganisha na Khinnis, alikochonga Senakeribu. Huko mwamba umekaa wazi karne nyingi, sura zimelika, na watu wa baadaye walitoboa vyumba katikati ya mchongo mkuu. Jiwe lenyewe ni la chokaa. Maji ya mvua yana asidi kidogo, nayo huliyeyusha polepole. Yakiingia kwenye nyufa na kuganda wakati wa baridi, hutanuka na kubandua vipande. Mizizi humalizia.

Kwa hiyo, kufukua ndiko kunakoanzisha hatari. Pale Faida kuna pia waharibifu, wachimbaji haramu na kijiji kinachozidi kutanuka. Kwa maoni yangu, asiye na fedha za kulinda mchongo dhidi ya mvua zijazo asiufukue. Na uliokwisha kufukuliwa unaweza kufukiwa tena kwa utaratibu, jambo ambalo wahifadhi hatulionei aibu. Kwanza hupimwa kwa leza na kupigwa picha nyingi, ili ipatikane nakala ya kidijitali ya kila mkwaruzo.

Mwaka 2022 Faida ilifunguliwa kuwa hifadhi ya wageni. Kwenye eneo kama hilo, kazi ya kwanza kabisa ni mtaro: maji ya mlimani yakatwe njia kabla hayajafika kwenye ukuta wenye picha.