Kidakio cha mto, au kwa nini mvua ya Kimara haijazi bomba la Kimara

Mvua ya kwanza ya vuli iligonga bati kwetu Kimara, Dar es Salaam, alfajiri. Kulipokucha, kila ndoo iliyokingwa chini ya paa ilikuwa imefurika, na mama wa chumba cha pili alikuwa amesimama uani akilitazama bomba linavyokohoa upepo. "Mdogo wangu, mvua yote hii, halafu eti mto umepungua?" Ilikuwa mwishoni mwa 2022, mgao wa maji umepamba moto, na jibu nililompa lilikuwa bovu. Hili ndilo nililopaswa kumwambia.

Kila mto una kidakio chake. Neno limetoka kwenye kudaka, kudaka kulekule kwa kipa. Kidakio ni eneo lote ambalo tone la mvua likidondokea humo, lisiponywewa na ardhi wala kukaushwa na jua, litateremka mpaka liingie kwenye mto huo na si mwingine. Tazama paa letu la migongo miwili. Mvua ya upande wa barabarani inaingia kwenye ndoo zangu, ya upande wa pili inajaza pipa la jirani, hata kama matone hayo yaliachana kwa upana wa kidole pale juu kwenye kofia. Mito nayo imegawiwa maji namna hiyo, ila kofia yake ni migongo ya milima na vilima.

Watu wengi husema "bonde" wakimaanisha jambo hilohilo, na serikali nayo husema hivyo: nchi imegawanywa katika mabonde 9 ya maji, na letu linaitwa Wami/Ruvu. Tatizo ni kwamba ukisikia bonde unawaza kule chini kwenye tope na mpunga. Kumbe kilele cha mlima nacho ni sehemu ya bonde kwa maana hiyo, tena sehemu yenye kazi kubwa kuliko zote. Ndiyo maana napenda zaidi neno kidakio.

Sasa njoo kwenye Ruvu, mto unaotupa Dar sehemu kubwa ya maji ya bomba. Ukiwa kwenye basi la Morogoro, ukishapita Mlandizi unavuka daraja, unaona maji ya rangi ya chai ya maziwa, unajisemea "huu ndio Ruvu". Huo ni mfereji tu. Paa lenyewe lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 18,000, na sehemu yake ya juu ni Milima ya Uluguru, inayozidi meta 2,600 kutoka usawa wa bahari. Upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi unapita juu ya vichwa vyetu Dar, unavuka Pwani, kisha unagonga milima ile. Hapo unalazimika kupanda, unapoa, unadondosha mzigo. Upande wa mashariki, kule Matombo, hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi, na msitu wa juu unaikalisha kama sifongo na kuiachia kidogo kidogo. Kiangazi kikikolea na mawingu yametoweka, kinachotiririka mtoni ni hayo maji yaliyohifadhiwa.

Mto Mgeta unaanzia milimani humohumo, unauzunguka mlima kwa kusini, kisha unaingia Ruvu. Ngerengere unapita upande wa pili, kwenye Bwawa la Mindu linalonywesha mji wa Morogoro, nao unaishia Ruvu. Lakini ukiendelea na barabara hadi Mkata, umeshavuka kofia: maji ya pale ni ya Wami.

Dar hatumo kwenye kidakio cha Ruvu, ingawa serikali imetuweka bonde moja nao. Mvua ya mtaa wetu inateremkia Mto Msimbazi, inafurika Jangwani, inaingia baharini pale Salenda. Ya upande wa Mbagala inaenda mito ya Kizinga na Mzinga. Mtambo mdogo wa Mtoni huchota Kizinga, lita milioni 9 kwa siku ukiwa katika uwezo wake. Linganisha na Ruvu Chini, lita milioni 270, na Ruvu Juu ya Mlandizi, lita milioni 196. (Hayo majina ya Juu na Chini yanafuata mto, si mlima: Ruvu Chini iko karibu zaidi na mto unapomwaga baharini, Bagamoyo.) Kwa hiyo anga la Kimara linaweza kupasuka wiki nzima na mto usiongezeke hata kikombe. Kinyume chake pia hutokea: jua kali Kariakoo, mto umefura.

Kidakio hakidaki maji peke yake. Mteremko uliofyekwa na kulimwa bila kinga hauinyweshi mvua ardhini. Maji yanakimbia na udongo, mto unajaa kwa siku chache kisha unasinyaa. Waingereza waliliona hilo wakawalazimisha Waluguru kuchimba matuta, kazi ya sulubu ambayo mkulima hakuulizwa, na mwaka 1955 Matombo pakazuka ghasia. Sheria ya mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuhatarisha hifadhi ya mto, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wake. Ila ukingo ni ukanda mwembamba tu, na shamba la mlimani liko mbali nao. Nalo Bwawa la Kidunda, la kwenye Ruvu hiyohiyo, linalokusudiwa kubeba lita bilioni 190, litahifadhi maji ya masika yatumike kiangazi. Halitengenezi mvua, na tope litakaloteremka litatuama humo.

Siku tatu baada ya maongezi yale bomba lilirudi, saa nane usiku. Maji ya mwanzo yalikuwa mekundu. Mama wa chumba cha pili aliyaacha yatulie kwenye ndoo mpaka asubuhi, kisha akanionyesha udongo laini uliotanda chini, unene wa shilingi mbili tatu zilizopandana. Safari hii nilijua pa kuanzia.