Moshi, utitiri na tarehe za mwezi

"Daktari, kifua kinanibana kila nikikaribia siku zangu, lakini wewe unaniuliza habari za moshi tu."

Aliyeniambia hivyo ni mama anayekausha kwa moshi sangara na mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyobaki minofu ikishatolewa, kwenye mwalo mmoja hapa Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Nilikuwa nimeshamwona mara tatu, na mara zote niliandika neno moja, moshi, nikaridhika.

Moshi hausingiziwi. Banda lake ni la mabati, lina mlango mmoja, na yeye huinamia chanja kutwa akigeuza samaki. Chembe za moshi wa kuni ni ndogo mno, hupita pua na koo hadi ndani kabisa ya mapafu. Kwa mwenye pumu, njia za hewa huvimba, makohozi huwa mazito, misuli inayozizunguka hukaza, na kifua huanza kulia kama filimbi.

Lakini moshi ulikuwepo kila siku, na kubanwa kulikuja kwa zamu. Nikamwomba atie nukta kwenye kalenda kila anapotumia pampu ya bluu, ile dawa ya kuvuta ya kufungua kifua kinapobana. Baada ya miezi miwili akaniletea kalenda ya ukutani inayonuka samaki. Nukta zimesongamana siku nne tano kabla ya hedhi. Kwingineko moja moja.

Utotoni wavulana ndio wanaougua pumu zaidi. Baada ya balehe mambo hugeuka, wanawake wakawazidi wanaume. Testosteroni, homoni ya kiume, huelekea kutuliza uvimbe wa mzio; estrojeni, homoni ya kike, huelekea kuuchochea. Katika kila wanawake 100 wenye pumu, kati ya 20 na 40 husema hali huwa mbaya kabla ya hedhi. Kwenye ujauzito, takriban theluthi huzidiwa, theluthi hupata nafuu, waliobaki hawaoni tofauti. Hapa ndipo ninapogombana na watu: mjamzito anaacha dawa ya kuvuta kwa kumwogopea mtoto, wakati hewa ya mtoto inatoka kwa mama huyohuyo anayehema kwa shida.

Kwa hiyo homoni na moshi hushirikiana. Moshi uleule anaouvumilia tarehe 5 unamlaza tarehe 20.

Usiku nako kuna utitiri wa vumbi, usioonekana kwa macho, unaopenda godoro na unyevunyevu wa nyumba za kando ya ziwa. Watu huniuliza pia kuhusu vile vidudu vinavyopanda ziwani kama wingu. Vidudu vya jamii hiyohiyo vya kando ya Nile, kule Sudan, vinajulikana kuleta pumu. Vikifa na kukauka, unga wake huruka na vumbi. Vifute kwa kitambaa kibichi, usivifagie.

Kumwambia aache kazi? "Ukinikataza moshi umenikataza kula," alisema, na sikuwa na jibu. Tulichofanya ni kumpa dawa ya steroidi ya kuvuta, inayotuliza uvimbe, kila siku, hata akijisikia mzima, kwa sababu pampu ya bluu hulegeza misuli tu na uvimbe unabaki palepale. Fundi akatoboa ukuta wa juu upande wa ziwani. Zile siku nne tano, mdogo wake ndiye anayegeuza samaki.

Kalenda ya mwezi uliopita ilikuwa na nukta mbili. Moja, ananiambia, ni ya siku kuni zilipokuwa mbichi.