Maana ya nafasi ya pili kwa mwanamichezo kijana aliyetenda kosa kubwa

Neno nafasi lina maana mbili zinazokaribiana sana. Nafasi ni mahali palipo wazi, kama nafasi ya kukaa ndani ya basi, na nafasi ni fursa, kama nafasi ya masomo au ya kazi. Tunaposema kwamba mwanamichezo kijana aliyetenda kosa kubwa apewe nafasi ya pili, tunatumia maana zote mbili kwa pamoja, mara nyingi bila kujua. Tunamwombea fursa ya kuanza upya maishani, na papo hapo tunamwombea mahali katika kikosi, ambako viti ni vya kuhesabu na kila aliyekaa amekalia kiti ambacho mwingine alikitamani. Fursa ya kuanza upya ni ya kila mtoto wa binadamu. Kiti katika kikosi hakikuwa haki ya mtu yeyote tangu mwanzo, hata ya kijana ambaye hajawahi kumkosea mtu.

Kwa kosa kubwa nakusudia kosa lenye mtu aliyeumizwa: kipigo, uonevu wa muda mrefu, udhalilishaji wa kijinsia, ubaguzi wa rangi. Sizungumzii kadi nyekundu wala kijana aliyetoroka kambini usiku. Kwa makosa madogo ya namna hiyo tunao msemo unaotosha, kwamba kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Msemo huo una huruma na una hekima ya mlezi, lakini macho yake yote yako kwa mtenda. Haumtaji mtendwa hata kidogo, na ndiyo maana unapotumiwa kwa makosa yenye majeruhi huwa unafunika zaidi kuliko unavyofafanua.

Mfano unaoonyesha jambo hili kwa uwazi ni wa Mitchell Miller, beki wa mpira wa magongo wa barafuni kutoka jimbo la Ohio nchini Marekani. Mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 14, yeye na mwenzake walikiri mbele ya mahakama ya watoto kwamba walimshambulia na kumwonea mwanafunzi mwenzao, mtoto mweusi mwenye ulemavu wa ukuaji. Walimhadaa aweke kinywani peremende waliyokuwa wameisugua kwenye choo cha kukojolea, na mtoto huyo akalazimika kupimwa magonjwa ya kuambukiza. Matusi ya rangi yalikuwa yameendelea kwa miaka. Mahakama iliamuru kazi za kijamii, ushauri nasaha na barua ya kuomba radhi.

Mwezi Oktoba 2020 klabu ya Arizona Coyotes ilimchagua Miller katika uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji chipukizi wa ligi kuu ya NHL, akiwa wa 111 kwenye orodha. Klabu ilikuwa inajua habari ya nyuma, kwa sababu Miller mwenyewe alikuwa ameziandikia klabu za ligi barua ya kukiri na kujuta. Gazeti la Arizona Republic lilipochapisha habari hiyo pamoja na maneno ya familia ya mtoto aliyeonewa, ilibainika kwamba familia hiyo haikupata kitu chochote zaidi ya ile barua iliyoamriwa na mahakama. Kabla ya mwezi kwisha klabu ilimwacha, na Chuo Kikuu cha North Dakota, alikokuwa ameanza masomo, kikamwondoa kwenye timu yake.

Tuitazame kwa utulivu barua aliyoziandikia klabu, maana ndani yake ndimo swali lote lilimo. Kijana aliwaandikia watu waliokuwa na uwezo wa kumpa kiti. Mtoto aliyemdhuru hakumwandikia kitu zaidi ya ile barua ya mahakama. Sisemi kwamba hakujuta, kwa kuwa moyo wa mtu hausomeki kwa mbali, lakini majuto yake yalielekezwa mahali pasipo na jeraha. Klabu ilipoyapokea na kusema imeridhika, ilipokea kitu ambacho hakikuwa chake.

Wanazuoni wa dini ya Kiislamu, na mafundisho haya yanajulikana kwa kila aliyepitia madrasa katika pwani yetu, wanaeleza kwamba toba ina masharti: mtu aache kosa, ajute, na aazimie kutolirudia. Lakini kosa likiwa limegusa haki ya mja, linaongezwa sharti jingine, kwamba mkosaji airudishe haki ile kwa mwenyewe au amtake radhi. Sala na saumu haziondoi deni hilo. Nimeutaja mfano huu kwa sababu unatupa msamiati ambao mjadala wa michezo unaukosa: yako makosa yanayohusu sheria ya mchezo, ambayo chama au klabu inaweza kuyafuta kwa mamlaka yake, na yako makosa yanayohusu haki ya mja, ambayo hakuna rais wa klabu, kocha wala mashabiki wanaoweza kuyasamehe kwa niaba ya mwenye jeraha.

Hapa pana tofauti ya tatu, nayo ni ile iliyopo baina ya kumaliza adhabu na kupata msamaha. Sheria za kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni zinaionyesha vizuri. Mwanariadha wa Kenya aliyefungiwa miaka minne kwa kosa la dawa anarudi kukimbia siku ya kwanza baada ya kifungo kwisha, na halazimiki kumwomba mtu yeyote ruhusa wala radhi. Hata umri hauleti nafuu kila mara. Kamila Valieva, mchezaji wa Urusi wa kuteleza kwa ustadi kwenye barafu, alikuwa na miaka 15 sampuli yake ilipochukuliwa tarehe 25 Desemba 2021, na kanuni za kimataifa zinamtambua mtoto wa umri huo kuwa mtu anayelindwa. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo hata hivyo ilimfungia miaka minne kamili kuanzia siku hiyo, katika uamuzi wa Januari 2024, ikiona kwamba kanuni hazikuipa sababu ya kumtenganisha na mtu mzima katika mazingira ya kesi yake. Adhabu hiyo ni kali kwa mtoto, na binafsi naona watu wazima waliomzunguka walistahili kuulizwa zaidi yake. Lakini ina jambo moja zuri: ina tarehe ya mwisho. Kila mtu anajua lini imekwisha.

Kwa aliyemwumiza mtu, tarehe kama hiyo mara nyingi haipo. Ligi nyingi hazina kipimo kilichoandikwa kabla, kwa hiyo kila kesi huamuliwa na kelele za wiki ile, na kelele zikipungua kinachoamua ni kipaji. Miller alirudi kucheza katika ligi ya vijana ya USHL, na msimu wa 2021–22 akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi hiyo, akiwa na mabao 39, idadi ambayo beki mwingine wa ligi hiyo hakuwahi kuifikia. Tarehe 4 Novemba 2022 Boston Bruins, klabu ya NHL, ilimsajili. Nahodha wa timu, Patrice Bergeron, alieleza hadharani wasiwasi wake kwamba mwenendo ule ulikwenda kinyume na utamaduni waliokuwa wameujenga. Kamishna wa ligi, Gary Bettman, akasema kijana huyo hakuwa amepata idhini ya kucheza NHL, na tarehe 6 klabu ikaachana naye. Rais wa klabu, Cam Neely, aliiomba radhi familia ya mtoto aliyeonewa, na ikajulikana kwamba klabu haikuwa imezungumza nayo kabla ya kusaini mkataba.

Kati ya 2020 na 2022 kitu kilichokuwa kimebadilika waziwazi kuhusu Miller kilikuwa idadi ya mabao. Hilo ndilo linalonisikitisha ninaposikia neno nafasi ya pili likitamkwa na klabu, kwa sababu kijana mwenye rekodi kama yake lakini asiye na mabao hatafutwi na mtu. Nafasi inayotolewa kwa kipimo cha kipaji inapaswa kuitwa jina lake halisi, yaani usajili.

Wapo watakaosema kwamba miaka 14 ni utoto, na wana hoja nzito. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, katika ibara ya 40, unataka mtoto aliyevunja sheria atendewe kwa namna itakayomrudisha katika jamii na kumwezesha kuwa na mchango mwema ndani yake. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kubeba jinai, na wa chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya mpaka ithibitishwe vingine. Misingi hii ni ya haki na ninaiunga mkono bila kusita. Mtoto hapaswi kuburuta kosa lake mpaka uzeeni, asinyimwe shule, kazi, ndoa wala uwanja wa kuchezea. Lakini ibara ile inazungumzia kurudi katika jamii, na jamii ni pana kuliko ligi kuu. Tena mtendwa naye alikuwa mtoto. Kila mwaka tunaouhesabu ili kupunguza uzito wa kosa la mmoja, mwenzake ameuishi pia, na picha ya aliyemwonea ikiwekwa kwenye mabango ya jiji, ni yeye anayetakiwa kuipita asubuhi.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama vijana hawa wanastahili nafasi ya pili, ninajibu kwa kuuliza nafasi ipi. Ya kuishi, kusoma, kufanya kazi na kucheza, ndiyo, na wasiulizwe mara mbili. Ya kuvishwa jezi, kulipwa na kushangiliwa, ije polepole, baada ya mwenye haki kusikilizwa, ingawa si lazima awe amesamehe. Kumpa mtendwa kura ya turufu kungemtwika mzigo wa kuamua maisha ya mwingine, jambo ambalo hakuliomba. Kusikilizwa kunatosha, na mara nyingi ndicho kitu pekee anachokitaka.

Mwaka 2021 Logan Mailloux, beki wa Kanada mwenye miaka 18, aliyekuwa ametozwa faini nchini Sweden kwa kusambaza bila ridhaa picha ya faragha ya msichana, aliziomba klabu za NHL hadharani zisimchague mwaka ule kwa sababu hakustahili heshima hiyo. Montreal Canadiens ilimchagua hata hivyo, wa 31 katika raundi ya kwanza. Kijana alikuwa amejipimia adhabu, na watu wazima wakaikataa kwa niaba yake. Ligi yake ya vijana ilimsimamisha kwa miezi kadhaa, akarudi, na mwezi Aprili 2024 akacheza mechi yake ya kwanza ya NHL. Msichana yule aliwaambia waandishi kwamba alichokitamani ni kuombwa radhi kwa dhati. Alikuwa ametumiwa ujumbe wa simu usiozidi sentensi tatu.